Programu Iliyopita Majaribio Yote na Bado Ikakosea: Uchambuzi wa Kisa cha Kozi ya Uhandisi wa Programu

Usuli

Kisa hiki kinahusu kozi ya uhandisi wa programu iliyofundishwa kwa muhula mmoja kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza. Majina ya chuo, walimu na wanafunzi yameondolewa, na mradi wao umeelezwa kwa kiasi kinachotosha tu kufahamu kilichotokea. Wanafunzi hao walikuwa wamekwisha kusoma lugha mbili za kuandikia programu, miundo ya data, algoriti na hifadhidata. Walichokuwa bado hawajakipata ni uzoefu wa kuandika programu pamoja na wengine, yaani msimbo ambao utasomwa, utatumiwa na kubadilishwa na mtu asiyekuwa mwandishi wake.

Kwa miaka kadhaa kozi hiyo ilikuwa ya mihadhara. Wanafunzi walijifunza kukusanya mahitaji ya watumiaji, wakachora michoro ya usanifu, wakalinganisha mtindo wa maporomoko, ambao kila hatua hukamilika kabla ya inayofuata kuanza, na mitindo ya kufanya kazi kwa awamu fupi, kisha wakafanya mtihani wa kuandika. Kazi ya kikundi ilikuwepo, ila kilichosahihishwa zaidi kilikuwa hati: hati ya mahitaji, hati ya usanifu na mpango wa majaribio. Programu yenyewe ilionyeshwa siku ya mwisho, na mara nyingi ilikuwa imeandikwa na mwanafunzi mmoja mwenye bidii, huku wenzake wakiipokea kwa barua pepe.

Malalamiko yalitoka pande mbili. Mashirika yaliyowapokea wanafunzi kwa mafunzo ya kazini yalisema kwamba vijana hao hawajui mfumo wa kudhibiti matoleo (programu inayotunza historia ya kila badiliko la msimbo), hawajawahi kuendesha majaribio ya kiotomatiki, na wanaogopa kugusa msimbo walioukuta. Wanafunzi nao walisema kwamba wanakariri istilahi ili wafaulu mtihani. Lalamiko la wanafunzi ndilo lililokuwa zito zaidi, kwa maoni yangu. Ujuzi wa chombo fulani unaweza kufidiwa katika wiki chache za kwanza kazini, lakini mwanafunzi aliyeandika ukurasa mzima kuhusu hatari ya moduli, yaani sehemu za programu, kutegemeana kupita kiasi, bila kuwahi kuona moduli mbili zikimponza kwa kutegemeana huko, hana mahali pa kulishikiza wazo hilo, na baada ya mtihani linampotea.

Uamuzi wa mwanzo na sababu zake

Idara ilimkabidhi kozi mwalimu mwingine, ambaye kabla ya kufundisha alikuwa amefanya kazi ya kutengeneza programu kwa muda mrefu. Aliamua kuupindua mpangilio. Sehemu kubwa ya saa za mihadhara ilihamishiwa maabara, na wanafunzi wakaanza kutumia Git, mmoja wa mifumo ya kudhibiti matoleo, tangu wiki ya kwanza. Hazina ya msimbo ya kila kikundi iliunganishwa na seva iliyoendesha majaribio kila badiliko lilipopelekwa, na hakuna badiliko lililoingia kwenye tawi kuu, yaani nakala ya pamoja ambayo matawi ya kazi ya kila mmoja huunganishwa nayo, kabla mwanakikundi mwingine asiye mwandishi wake hajalipitia na kuliidhinisha. Wiki za mwisho zilitengwa kwa ajili ya kontena, yaani vifurushi vinavyobeba programu pamoja na vyote inavyohitaji ili iwake kwenye kompyuta nyingine. Nadharia iligeuzwa kuwa usomaji wa kila wiki ambao mwanafunzi angejifanyia mwenyewe.

Sababu zake hazikuwa za kubezwa. Alisema kwamba chombo kinataka muda wa mikono: mtu anaweza kusikiliza maelezo ya matawi na uunganishaji kwa saa nzima, na bado akaduwaa siku ya kwanza anapoona alama za mgongano katikati ya faili lake. Alisema pia kwamba kazi ya kikundi isiyo na historia ya mabadiliko haiwezi kusahihishwa kwa haki, kwa sababu haionyeshi nani alifanya nini. Hoja hizo zote mbili zilithibitika kuwa za kweli.

Kulikuwa na uamuzi mdogo ulioambatana na hayo ambao haukujadiliwa sana wakati huo, nao ndio ulioleta athari kubwa. Sehemu ya alama za mradi ilitolewa kulingana na kiwango cha msimbo kilichoguswa na majaribio, kama kilivyohesabiwa na seva. Kipimo hicho kilichaguliwa kwa kuwa kinatolewa na mashine na hakimpendelei mtu.

Mfuatano wa matukio

Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri. Wanafunzi walihudhuria maabara kuliko walivyokuwa wakihudhuria mihadhara, na hata wale waliokuwa wakijificha nyuma ya wenzao walianza kuonekana kwenye historia ya mradi. Dalili za kasoro zilikuwepo kwa aliyesoma kwa makini. Maelezo yaliyoambatana na mabadiliko mengi yalikuwa neno moja, "marekebisho", na majaribio kadhaa yaliita kitendaji (kipande cha programu kinachofanya kazi moja na kurudisha jibu) kimoja baada ya kingine bila kuhakiki jibu lolote. Jaribio la namna hiyo huongeza kiwango kinachohesabiwa na seva, kwa sababu seva huhesabu mistari iliyotekelezwa. Haina njia ya kujua kama kuna aliyeangalia matokeo ya mistari hiyo.

Tukio lenyewe lilitokea katika kikundi kilichokuwa kinatengeneza mfumo wa kuazima vitabu, huku wafanyakazi wa maktaba ya chuo wakiwa wateja wao. Moduli moja ilikuwa na kitendaji kilichoitwa muda_wa_kuchelewa, ambacho kilirudisha namba kamili: idadi ya siku zilizopita tangu tarehe ya kurudisha. Mwanafunzi wa kwanza aliombwa kuongeza uazimaji wa vifaa vya maabara, ambavyo hukodishwa kwa saa, kwa hiyo alikibadilisha kitendaji hicho kirudishe saa. Alifanya kazi kwa uangalifu. Alitafuta kila mahali kilipoitwa katika tawi lake, akaparekebisha, na akayarekebisha majaribio ya moduli hiyo pia.

Mwanafunzi wa pili, katika tawi alilolianzisha kabla ya badiliko hilo, alikuwa anaandika kipengele kipya cha kumzuia msomaji aliyechelewa zaidi ya siku 7 asiazime tena. Msimbo wake uliita muda_wa_kuchelewa na kulinganisha jibu na 7. Katika majaribio hakukiita kitendaji halisi. Alitumia kibadala kilichorudisha 8 katika jaribio moja na 3 katika jingine, na hiyo ni desturi inayokubalika, kwani inatenganisha kipengele kinachojaribiwa na sehemu nyingine za mfumo.

Matawi hayo mawili yaliunganishwa bila mgongano. Git huunganisha kwa kulinganisha matoleo mawili na toleo la mwisho walilokuwa nalo kwa pamoja, na huripoti mgongano pale pande zote mbili zilipobadilisha mistari ileile au mistari iliyo karibu sana. Hapa kila mmoja alikuwa amegusa mafaili yake. Kompaila, programu inayotafsiri msimbo kwa lugha ya mashine, nayo haikuwa na la kusema, kwa sababu saa na siku zote zilikuwa namba kamili. Majaribio ya moduli ya muda yalipita kwa kuwa yalikwisha kugeuzwa kuwa ya saa, na majaribio ya kipengele kipya yalipita kwa kuwa yalizungumza na kibadala. Mwenzao aliyepitia badiliko aliona mistari iliyobadilika tu, na mistari hiyo ilikuwa sahihi. Seva ikawasha alama ya kijani.

Siku ya onyesho, saa nne asubuhi, mfanyakazi wa maktaba aliingiza jina la msomaji ambaye kitabu chake kilipaswa kurudishwa kufikia saa sita usiku uliotangulia. Alikuwa amechelewa saa 10. Mfumo ukamzuia kama mtu aliyepitisha zaidi ya wiki nzima. Mfanyakazi alijaribu msomaji wa pili, kisha wa tatu, na jibu likawa lilelile.

Uamuzi wa wiki ya nane

Kikundi kilitaka kurekebisha kwa kugeuza 7 kuwa 168, ambazo ndizo saa za wiki moja, kisha waendelee na kazi. Mwalimu aliwazuia. Alikuwa na njia tatu mbele yake. Angeweza kuwaachia warekebishe na kufuata ratiba, kwa kuwa kontena zilikuwa zinasubiri. Angeweza kurudisha mihadhara ya nadharia, kama wenzake wawili katika idara walivyokuwa wakimshauri tangu mwanzo. Alichagua njia ya tatu: aliondoa kontena katika ratiba, akatumia muda huo kulichambua tukio hilo mbele ya darasa lote, kwa idhini ya kikundi husika.

Alianza na chombo. Aliwaonyesha amri ya Git inayotafuta badiliko lililoleta hitilafu kwa kuigawa historia katikati, kisha kuigawa tena nusu iliyobaki, na kuendelea hivyo. Kwa historia ya mabadiliko 64 utafutaji huo huhitaji ukaguzi wa takriban mara 6. Wanafunzi waliitambua algoriti ya utafutaji wa kugawa kwa mbili waliyoisoma mwaka uliotangulia, na wengine walikiri kwamba hawakuwa wamewahi kuiona ikifanya kazi nje ya orodha ya namba. Utafutaji uliishia kwenye uunganishaji wenyewe. Wazazi wake wote wawili, yaani matoleo yaliyounganishwa, hawakuwa na hitilafu: upande mmoja ulihesabu siku na kulinganisha na siku, upande wa pili ulihesabu saa na haukuwa na kipengele cha kuzuia. Hitilafu ilizaliwa walipokutana, katika hatua ambayo hakuna mtu aliyeandika mstari hata mmoja.

Hapo swali la darasa likabadilika. Hapakuwa tena na faida ya kuuliza nani amekosea, na kila mtu alitaka kujua kilichokosewa ni nini. Ndipo mwalimu alipoleta nadharia. Mwaka 1972 mwanasayansi wa kompyuta David Parnas alipendekeza kwamba mfumo ugawanywe katika moduli kwa kuangalia maamuzi ya usanifu ambayo ni magumu au yanayoelekea kubadilika, na kila moduli ifiche uamuzi mmoja wa aina hiyo usionekane nje. Kipimo cha muda, siku au saa, kilikuwa uamuzi wa namna hiyo, na kilikuwa kimevuja nje ya moduli kikiwa ndani ya namba tupu. Kwa hiyo kubadilisha 7 iwe 168 kungeponya dalili na kuacha uvujaji uendelee. Siku uazimaji utakapohesabiwa kwa dakika, tatizo lingerudi vilevile.

Kikundi kiliandika upya kiolesura cha moduli hiyo, yaani sehemu yake inayoonekana na kutumiwa na msimbo wa nje. Kitendaji kilirudisha aina mpya ya data iliyoitwa Muda, ambayo haiwezi kulinganishwa na namba, na msimbo wa nje ulilazimika kuuliza kama muda huo umezidi siku 7. Walipoijenga programu baada ya badiliko hilo, kompaila ilikataa mstari wa zamani mara moja, tena ikiutaja kwa namba yake. Ni sehemu hii ya kisa ninayoiona kuwa na thamani kubwa kuliko zote: nadharia iliwaonyesha mahali pa kuweka mpaka, na kompaila ikaulinda mpaka huo bila mtu yeyote kulazimika kuukumbuka.

Katika kipindi kilichofuata mwalimu alitaja chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter, kilichopotea mwaka 1999 kilipofika kwenye sayari ya Mirihi kwa sababu programu moja ya ardhini ilitoa takwimu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza ilhali programu iliyozipokea ilitarajia vipimo vya metriki. Baadhi ya wanafunzi walikuwa wamekwisha kusikia habari hiyo katika somo jingine. Safari hii waliijadili kwa undani, wakauliza kiolesura kati ya programu hizo kiliandikwaje na nani alipaswa kukihakiki.

Hatua ya mwisho ilihusu majaribio. Alama zinazotegemea kiwango cha msimbo ulioguswa zilifutwa. Badala yake, mwalimu msaidizi alichukua programu ya kila kikundi, akabadilisha jambo dogo kama kugeuza "zaidi ya" kuwa "zaidi ya au sawa na", kisha akaendesha majaribio. Yasiposhtuka, kikundi kilitakiwa kueleza sababu na kuandika jaribio litakaloshtuka. Wazo la kupima majaribio kwa kuharibu programu makusudi lilichapishwa na DeMillo, Lipton na Sayward mwaka 1978, na hapa lilifanywa kwa mkono, bila programu yoyote maalumu.

Matokeo

Badiliko lililoonekana haraka ni la lugha. Katika mijadala ya kuidhinisha mabadiliko, wanafunzi walianza kuuliza nani mwingine anakitegemea kitendaji fulani na anakitarajia kirudishe nini. Idadi ya majaribio katika vikundi vingi ilipungua, ila yaliyobaki yalihakiki majibu. Kikundi cha maktaba kilikamilisha vipengele vichache kuliko kilivyoahidi, na wateja wao walikubali hivyo baada ya kuelezwa sababu.

Hasara nazo zilikuwepo. Bila kontena, programu za vikundi kadhaa ziliwaka kwenye kompyuta ya mwandishi na kukataa kwenye kompyuta ya maonyesho, kwa sababu ya tofauti za matoleo ya maktaba za msimbo, yaani mikusanyo ya msimbo ulioandikwa tayari ambayo programu huitegemea. Wanafunzi hao waliondoka na tatizo ambalo wangeweza kufundishwa kulitatua. Kazi ya kusahihisha iliongezeka pia. Kuharibu programu kwa mkono na kusoma maelezo ya kila kikundi kulimchukua msaidizi muda mrefu kuliko kusoma namba iliyotolewa na seva.

Uchambuzi

Mjadala wa idara kabla na baada ya muhula huo uliendeshwa kama suala la mgao wa saa, yaani maabara ipate ngapi na mihadhara ngapi. Naona kisa hiki kinapinga kuliweka suala hivyo. Katika mpangilio wa zamani nadharia ilikuwa na saa nyingi na haikushika. Katika wiki za mwanzo za mpangilio mpya zana zilikuwa na saa nyingi na wanafunzi walizitumia kwa ufasaha bila kujua zinawakinga na nini na zinawaachia nini. Kilichofanya kazi ni nadharia na chombo kukutana juu ya msimbo uleule, katika kipindi kilekile, wakati wanafunzi walikuwa na swali ambalo chombo peke yake kilishindwa kulijibu.

Mpangilio wa hatua ulikuwa na uzito wake. Kama Parnas angefundishwa wiki ya pili, angeingia kwenye daftari na kukaa huko. Kama Git isingekuwepo, tukio lenyewe lisingetokea kwa namna inayoonekana, kwa sababu folda zinazosafiri kwa barua pepe hazina uunganishaji wa kuchunguzwa. Zana zililifanya kosa lionekane na liweze kurudiwa mbele ya watu wote, na hiyo ni kazi ya kielimu ambayo watetezi wa nadharia katika idara hawakuihesabu. Nao watetezi wa zana hawakuhesabu kwamba mipaka ya chombo haionekani kutoka ndani ya chombo. Mwanafunzi anayeijua Git kama orodha ya amri ataamini kwamba pasipo na mgongano pana usalama, na hakuna amri ya ziada itakayomtoa katika imani hiyo.

Hoja kwamba zana hupitwa na wakati haraka nayo inastahili uzito, ingawa huelekea kutiwa chumvi. Watu waliojifunza CVS, mfumo wa zamani wa kudhibiti matoleo, walihamia Subversion, iliyoanza mwaka 2000, na wengi wao wakahamia Git baada ya kuzinduliwa mwaka 2005. Katika kipindi chote hicho wazo la mwaka 1972 halikuhitaji kubadilishwa. Wapo wanaohitimisha kutokana na hayo kwamba chuo kifundishe kinachodumu na kuziacha zana zijifunzwe kazini. Siafiki. Mwanafunzi wa kisa hiki alilielewa wazo linalodumu kwa kulishika kupitia chombo kitakachopitwa na wakati, na sijui njia nyingine ya kulishika.

Kipimo cha alama ndicho kilichofeli wazi zaidi. Wanafunzi hawakuandika majaribio matupu kwa uvivu. Walijibu swali waliloulizwa, na swali lilikuwa ni mistari mingapi imeguswa. Mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra alikwisha kusema tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba majaribio huweza kuonyesha kuwepo kwa hitilafu na kamwe hayathibitishi kutokuwepo kwake. Maneno hayo yalikuwemo katika usomaji wa wiki ya tatu, yakiwa yametenganishwa kabisa na alama zilizokuwa zikitolewa maabara wiki hiyohiyo. Pale ambapo usomaji na alama vinapingana, mwanafunzi hufuata alama, na ana haki ya kufanya hivyo.

Kuondolewa kwa kontena nakuona kama uamuzi sahihi uliofanywa kwa kuchelewa. Ratiba ilikuwa imejazwa zana nne kwa muhula mmoja, kila moja ikifundishwa kwa kina kilekile, hivyo hakukuwa na nafasi ya kusimama jambo la maana lilipojitokeza. Kama zana zingepangwa mbili kwa kina na nyingine kwa kiwango cha kutumia kiolezo kilichoandaliwa na mwalimu, vikundi vingeweza kuonyesha programu zao bila kukwama na muda wa uchambuzi ungebaki.

Jambo ambalo kisa hiki hakikulitatua ni kwamba somo lilitegemea bahati. Kikundi kimoja kilipata hitilafu inayofundisha. Vingine viliitazama kutoka kando, na majibu yao katika mtihani yalionyesha uelewa wa juujuu kuliko wa kikundi hicho. Kwa muhula unaofuata mwalimu ameandaa hazina ya kuanzia ambayo ndani yake kuna matawi mawili sahihi yanayozaa hitilafu yanapounganishwa, na kila kikundi kitakabidhiwa hazina yake kabla hakijaandika msimbo wowote. Msaidizi ana shaka kwamba hitilafu iliyopandwa na mwalimu haitawauma wanafunzi kama ile waliyoizaa wenyewe mbele ya mteja. Kwa hiyo wamekubaliana kuiacha wiki moja wazi katikati ya ratiba, isiyo na mada, kwa ajili ya tukio lolote litakalojitokeza katika miradi yenyewe.